Ukihama mtaa, daftari la duka halipandi lori

MTU akikuambia anahama, mawazo yako huenda wapi kwanza? Bila shaka huenda kwenye lori la kukodi, kwenye kitanda kisichopita mlangoni, kwenye amana inayodaiwa na mwenye nyumba mpya na kwenye shule ya watoto. Hayo ndiyo mambo ambayo familia nyingi za Nairobi huyakalia kikao na kuyapigia hesabu kabla mwezi haujaisha. Ni nadra sana kumsikia baba au mama akiuliza, "Huko tuendako, chumvi tutaitoa wapi saa tatu usiku?"

Swali hilo huenda likakuchekesha. Chumvi haikosekani mahali! Lakini ngoja ufike Kitengela, Rongai, Nakuru au Kisumu ukitokea Kabiro, Gatina, Makina au Lindi. Vyombo umevipanga, mapazia umeyatundika na jiko li tayari. Mwezi uko katikati na mfukoni mna shilingi hamsini. Unatoka kwenda dukani, unamkuta kijana usiyemjua nyuma ya waya, naye anakutazama kama anavyomtazama mpita njia yeyote. Unataka kumwambia, "Niandikie hadi Ijumaa," lakini neno linakukwama kooni. Hapo ndipo utakapotambua kwamba kuna mzigo mmoja uliobaki nyuma, na hakuna hamali ambaye angeweza kukubebea.

Mzigo huo ni kujulikana. Wanaohama huulilia kwa kutaja vyakula: chapati za fulani, sukuma wiki ya mama fulani, supu ya pale stendi. Ukichunguza vizuri utaona kwamba unga wa ngano wa Nairobi ndio huo huo wa Nakuru, na sukuma wiki ni majani yale yale. Aliyepotea ni mtu aliyekuwa akikupimia, akikungojea na kukuamini. Na kwa familia yenye mapato madogo, imani hiyo ina bei yake, tena kwa shilingi na senti.

Duka linalopima kwa mfuko wako

Kwa wasomaji wasiopajua, Kabiro ni mojawapo ya wadi za eneo bunge la Dagoretti Kaskazini, pamoja na Kawangware na Gatina. Ukivuka barabara ya Ngong kuelekea kusini unaingia Kibera. Katika mitaa hii yote, duka aghalabu ni dirisha lenye waya, na nyuma yake kuna mtu mmoja anayeamka kabla ya jogoo na kufunga baada ya matatu za mwisho kupita.

Pale dirishani hakuna anayekulazimisha kununua kilo nzima. Utapata unga nusu, sukari robo, mafuta ya kupikia ya kupima, majani ya chai ya shilingi kumi na sabuni iliyokatwa kipande. Hatua chache kutoka hapo yuko mama mboga na mafungu yake: nyanya tatu, vitunguu viwili, na dania kidogo anayokutilia bure kwa sababu ulinunua kwake jana na juzi. Sukuma wiki anakukatia mwenyewe, na kama unatoka kazini umechoka hilo si jambo dogo. Siku hizi biashara ya namna hii imepewa jina, "uchumi wa kadogo", na hata makampuni makubwa hutengeneza pakiti ndogo ndogo za sabuni, viungo na majani ya chai kwa ajili yake.

Usidhani ni mambo mageni. Methali tunayowafunza watoto, haba na haba hujaza kibaba, inataja kipimo chenyewe. Kibaba kilikuwa kipimo cha nafaka huko pwani, na vibaba vinne vilifanya pishi moja. Sisi huku bara tukabuni gorogoro, yaani mkebe wa mafuta ya kupikia wa kilo mbili uliokwisha na kugeuzwa kuwa mizani ya mahindi na maharagwe. Vyombo vimebadilika lakini hekima ni ile ile: mtu apimiwe kadiri ya uwezo wake wa siku hiyo.

Wapo watakaosema kwamba kununua kidogo kidogo ni kujiibia. Wana haki, kwa kiasi. Tuseme kilo ya sukari ni Sh160 katika supamaketi na robo yake ni Sh45 dirishani. Ukinunua robo nne utakuwa umetoa Sh180, yaani umepoteza Sh20. Lakini fikiria mambo mawili. Kwanza, mwenye Sh50 mfukoni hana Sh160, hata umfundishe hesabu hadi asubuhi. Pili, kama supamaketi iko mbali na nauli ya kwenda na kurudi ni Sh60, zile Sh20 alizookoa zimekwisha liwa na makanga, pamoja na arobaini nyingine juu yake.

Benki isiyo na jengo

Thamani kubwa zaidi ya duka la mtaani haiko kwenye mizani. Iko kwenye daftari. Ni daftari la kawaida la shule, lenye kurasa zilizochakaa pembeni, ambamo majina hayaandikwi kama yalivyo kwenye kitambulisho. Humo utamkuta Mama Brian, Baba Njeri, Fundi na yule mwalimu wa nyumba ya kijani. Mbele ya kila jina kuna orodha: maziwa, mkate, unga, mkaa. Juu ya dirisha huenda pakawa na kibao kinachotangaza kwamba mkopo ni kesho, lakini kila mwenyeji anajua kibao hicho hakikuandikiwa yeye. Kiliandikiwa wageni.

Kutoa bidhaa leo na kungoja malipo ni desturi iliyo nyuma ya maduka ya nchi hii tangu zamani. Reli ya Uganda ilipofika Nairobi mwaka wa 1899 na Kisumu mwaka wa 1901, iliandamana na wafanyabiashara kutoka Bara Hindi. Aliyejulikana zaidi miongoni mwao ni Alidina Visram, aliyefungua maduka mengi ya Kenya na Uganda na ambaye alifariki mwaka wa 1916. Neno lenyewe "duka" lilitoka huko Bara Hindi. Wenye maduka madogo walichukua bidhaa kwa mkopo kutoka kwa wakubwa, na imani ikateremka ngazi kwa ngazi hadi kwa mnunuzi wa mwisho. Reli hiyo hiyo ndiyo inayopita katikati ya Kibera, na kando yake dirisha lenye waya linaendeleza desturi hiyo bila kuijua historia yake.

Sasa utaniuliza, msomaji, kwa nini mtu aringe na daftari katika zama za simu? M-Pesa ilianza Machi 2007, na tangu Januari 2019 iko Fuliza, inayokuwezesha kulipa hata kama akaunti yako haina pesa za kutosha. Ni kweli huduma hizi zimewaokoa wengi, na ukihama zinahama nawe. Lakini zina ada zake, na pesa zikiingia tu kwenye simu, deni linakatwa kabla hujafikiria nauli ya mtoto. Mwenye duka anayekujua anaweza kukusikiliza. Anajua kwamba mjengo ulifungwa wiki hii, kwamba mvua ilinyesha na hukupata kibarua, kwamba mtoto alilazwa. Simu haina masikio ya aina hiyo.

Ubora wa kujulikana huonekana zaidi wakati wa shida. Mwaka wa 2017 unga wa mahindi ulipopanda bei na kuadimika, serikali ilitoa ruzuku ili pakiti ya kilo mbili iuzwe kwa Sh90. Unga ulipofika madukani haukukaa. Katika siku kama hizo, mteja wa kila siku ana nafasi ya kuwekewa pakiti moja chini ya meza. Mgeni hukuta rafu tupu na kuambiwa ajaribu kesho.

Sahani iliyokuwa ikikungojea

Tukija kwenye vibanda vya chakula, kilio cha waliohama huwa kikubwa zaidi, hasa kwa vijana wasiopika. Kawangware jioni, pale stendi ya 46, mtu hahitaji saa kujua kwamba watu wanatoka kazini. Pua inatosha. Kuna chapati zinazogeuzwa juu ya chuma, madondo yanayotokota, githeri, mutura juu ya makaa, miguu ya kuku, mayai ya kuchemsha yaliyopasuliwa na kutiwa kachumbari. Matumbo nayo hayakosekani, kwa kuwa machinjio ya Dagoretti hayako mbali na nyama hufika ikiwa mbichi kabisa.

Ukivuka hadi Makina, Kibera, unakutana na mapishi mengine. Wanubi, ambao wazee wao walikuwa askari kutoka Sudan katika jeshi la King's African Rifles, walianza kuishi pale mwanzoni mwa karne ya 20. Jina Kibra, ambalo maana yake ni msitu, limetoka kwenye lugha yao, na mnamo Juni 2017 walikabidhiwa hati ya kumiliki ekari 288 za ardhi hiyo. Wao wana gurusa, mkate mwembamba uliotandazwa juu ya chuma na kuliwa kwa mchuzi. Anayelelewa karibu na jikoni la Mnubi kisha akaenda kuishi mbali, gurusa ni jina ambalo atachoka kulieleza kwa majirani wapya.

Kibandani, kama dukani, ladha ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni kwamba mpishi anakujua. Anajua wewe huli pilipili, kwamba Jumatatu wewe huja na sare ya kazi na hutaki kuchelewa, na kwamba ukiagiza chai ya rangi bila kitafunio, basi mambo si mazuri. Siku hiyo atakusukumia andazi moja na kusema, "Utalipa siku nyingine." Kwenye mkahawa wa mji mgeni unaweza kula nyama choma kwa fahari, ulipe, utoke, na asikuulize mtu hata hali.

Na miji ina ladha zake. Ukienda Mombasa, asubuhi ni ya mahamri na mbaazi. Usianze kununa kwa sababu hupati githeri. Ukifika Kisumu, samaki ndiye mwenye meza na sukuma wiki ni mgeni wake. Watu wengi hupoteza miezi ya kwanza wakitafuta kibanda kinachofanana na cha Kawangware, huku wakikipita kila siku kibanda ambacho kingewafaa. Mwacha mila ni mtumwa, ni kweli, lakini kula mbaazi si kuacha mila.

Waliohamishwa bila kuulizwa

Kufikia hapa tumemzungumzia anayehama kwa hiari. Wako wengi waliohamishwa, na historia yao ina funzo kwa kila familia.

Mnamo Septemba 2009, chini ya mpango wa serikali wa kuboresha mitaa ya mabanda, wakazi wa kwanza wa Soweto Mashariki, Kibera, walihamishiwa kwenye nyumba 600 za muda zilizojengwa Lang'ata ili vibanda vyao vibomolewe na majumba mapya yajengwe. Kila nyumba ilikuwa na vyumba vitatu, na mara nyingi kila chumba kilichukua familia moja, zikitumia jikoni na choo kwa pamoja. Palikuwa na maji, umeme na usafi ambao wengi hawakuwa wameuona walikotoka. Na Lang'ata si mbali na Kibera. Hata hivyo, yule aliyekuwa akiuza samaki mlangoni pake sasa alikuwa na ukuta na lango, na wateja wake wa kila siku walibaki ng'ambo. Mwendo mfupi tu unatosha kukata uzi baina ya muuzaji na mnunuzi.

Majumba mapya ya Soweto Mashariki yalikabidhiwa wakazi mwaka wa 2016. Yalikuwa na nyumba 822, na kando yake vibanda vya biashara 245. Hesabu hiyo ya pili ni muhimu kuliko inavyoonekana. Maana yake ni kwamba waliochora ramani walielewa kuwa mtu wa Kibera hawezi kupewa chumba cha kulala pekee. Anahitaji pia mahali pa kuuza na pa kununua, la sivyo mshahara wake wa siku utaishia kwenye nauli.

Si wote waliobahatika hivyo. Mnamo Julai 2018, nyumba za maelfu ya watu zilibomolewa Kibera kupisha barabara ya kuunganisha Ngong na Lang'ata. Shule na maduka yalikwenda pamoja na nyumba hizo. Jiulize, msomaji: daftari la duka lililokuwa pale likawa na maana gani siku ya pili? Wadeni walitawanyika, kila mmoja na godoro lake, na mwenye duka mwenyewe akawa anatafuta pa kulala. Nani angemtafuta nani?

Soko la Toi nalo, ambako familia za Kibera na mitaa ya jirani hununua nguo na mboga, limeungua zaidi ya mara moja. Liliteketezwa wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, likaungua tena Machi 2019 na Juni 2024. Kila mara wachuuzi wamerudi na kupigilia mbao upya. Wengi wetu huwasifu kwa ujasiri wao, na wanastahili. Lakini anayerejea pale kununua kwa muuzaji wake wa zamani, aliyetandaza gunia chini juu ya jivu, naye amechangia kulijenga soko hilo.

Mara nyingine duka ndilo linalohama

Tena si lazima uhame wewe. Wakazi wa Nairobi wanaokumbuka Uchumi, iliyoanzishwa mwaka wa 1975, wanajua ilivyokuwa Juni 2006 milango ilipofungwa ghafla, kabla ya kufunguliwa tena mwezi uliofuata. Kisha ikaja zamu ya Nakumatt, kampuni iliyoanza Nakuru kama duka la magodoro na kukua hadi kuwa na matawi zaidi ya 60. Mwaka wa 2017 rafu zake zilianza kubaki tupu, na Januari 2020 wadai wake walipiga kura kampuni ivunjwe. Tuskys, nayo yenye asili ya Nakuru, ikafuata njia hiyo hiyo muda mfupi baadaye.

Ukitazama kwa makini, majabali haya yalianguka kwa sababu ile ile inayoweza kuliangusha duka la dirisha. Supamaketi huchukua bidhaa kwa wenye viwanda na kuahidi kulipa baadaye. Deni liliporundikana, wenye viwanda wakaacha kuleta mkate, maziwa na unga. Imani ilipokwisha, vigae vinavyong'aa na taa za rangi havikusaidia kitu. Basi ikiwa kampuni ya matawi 60 inaweza kuuawa na madeni yasiyolipwa, itakuwaje kwa mama mwenye gunia moja la mkaa na kreti moja ya nyanya?

Kukopa harusi, kulipa matanga

Ndiyo maana hatuwezi kuzungumza juu ya kuhama bila kutaja aibu tunayoijua sote. Ni ile familia inayohama usiku. Asubuhi majirani hukuta mlango wazi na chumba kitupu, na mwenye duka hubaki akilitazama jina daftarini. Wengine hucheka na kusema jamaa ni mjanja. Mjanja wapi?

Fikiria biashara ya mama mboga. Anaamka saa kumi za usiku kwenda Marikiti au soko jingine la jumla kununua mboga, akitumia pesa alizouza jana. Mtaji wake ni wa siku moja tu. Familia tatu zikitoroka na deni la Sh700 kila moja, amepoteza Sh2,100, na huenda hizo ndizo zilizokuwa zikimpeleka sokoni. Atakopa kwa riba, au atauza kidogo kuliko kawaida, au atakataa kumwandikia mtu mwingine tena. Atakayeadhibiwa ni yule jirani mwaminifu aliyebaki, ambaye Jumanne atanyimwa maziwa ya mtoto kwa kosa la mtu aliye Kitengela.

Aidha, anayetoroka hujidhuru mwenyewe. Nairobi ni kubwa lakini midomo ina miguu. Fundi uliyefanya naye kazi Kawangware unaweza kumkuta Rongai, na binamu yake mwenye duka anaweza kuwa jirani yako mpya. Jina zuri ndilo mtaji pekee ambao mtu huweza kuhama nao bila kulipia lori.

Basi ufanyeje?

Kama unapanga kuhama mwaka huu, yafuatayo yatakusaidia.

Kwanza, aga. Pita dukani, kwa mama mboga na kibandani wiki moja kabla ya kuondoka. Lipa unachodaiwa. Kama huwezi kukilipa chote, sema hivyo ana kwa ana, muafikiane tarehe, uache namba ya simu inayopatikana, kisha utume pesa siku mliyokubaliana. Mwenye duka aliyelipwa na mtu aliyekwisha hama hatamsahau maisha yake yote.

Pili, kague mtaa mpya kama unavyokagua nyumba. Nenda mara mbili: mara moja jioni watu wakirudi kazini, na mara moja katikati ya mwezi. Je, kuna duka linalopima robo? Mama mboga wa karibu yuko umbali gani, na hufunga saa ngapi? Gorogoro ya maharagwe ni bei gani? Nyumba yenye kodi ya chini inaweza kuwa ghali ikiwa kila nyanya inahitaji bodaboda.

Tatu, beba chakula kikavu cha wiki mbili. Unga, maharagwe, sukari, chumvi na mafuta vikiwemo ndani, hutalazimika kuomba mkopo kwa mtu usiyemjua.

Nne, chagua duka moja na mama mboga mmoja, kisha ushikamane nao. Watu wengi wakihama hununua kila mahali wakitafuta bei ya chini kwa shilingi mbili, na baada ya miezi sita bado ni wageni kwa wote. Nunua kwa pesa taslimu mwezi mzima. Taja jina lako, uliza la mwenzako. Siku utakapoomba kuandikiwa, anza na kitu kidogo, pakiti ya maziwa kwa mfano, na ulipe siku moja kabla ya ile uliyoahidi.

Tano, nenda na watoto. Mwenye duka huijua nyumba kupitia mtoto anayetumwa. Mtoto anayesalimu vizuri na kurudisha chenji iliyozidi amemfungulia mama yake ukurasa daftarini.

Wanafunzi nao wasijione wako nje ya habari hii. Kila mwaka vijana wa Kibera na Kawangware huenda vyuoni Maseno, Njoro au Eldoret, na mwezi wa kwanza pesa za matumizi huisha kabla ya wakati kwa sababu hununua chipsi popote wanapozionja. Tafuta kibanda kimoja nje ya lango la chuo, ule hapo kila siku, ulipe vizuri pesa zikiwepo. Mwishoni mwa muhula, mikopo ya elimu ikichelewa, mpishi huyo atakuwa na maana kwako kuliko mkuu wa idara.

Tangu Agosti 28, 2017, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini, kuna jambo jingine dogo linalomtambulisha mwenyeji. Mafuta ya kupima huyaendei mikono mitupu. Unakwenda na kikopo chako. Mwenye duka akikiona mara ya kumi atakijua hata kikishikwa na mtoto wa jirani, na atajua ni cha nyumba gani na huwekewa mafuta ya shilingi ngapi. Basi usikitupe kikopo chako siku ya kufunga mizigo. Hicho angalau kinaingia kwenye lori.

Na wewe usiyehama, unayesoma gazeti hili ukiwa mtaa ule ule ulioishi kwa miaka kumi, nawe una kazi. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Katika ploti yako huenda kuna familia iliyofika mwezi huu kutoka Busia, Kitui au mtaa wa pili tu. Hawajui ni dirisha gani linalopima haki na ni mama gani anayechanganya nyanya nzuri na zilizooza. Leo jioni ukitoka kwenda kununua maziwa, mbishie hodi mama wa hapo mwende pamoja. Mkifika, mwambie mwenye duka, "Huyu ni jirani yangu." Maneno hayo manne hayakugharimu hata senti, na yeye yatamwokolea miezi mitatu.